Funza wa Banda la Baba

Nianze na Mjumbe, maana bila Mjumbe hakuna habari. Mjumbe ni nguruwe. Ni jike la Baba, jeusi, zito, masikio yamemfunika macho, na jina hilo kalipata kwa sababu hakosi kikao. Watu wakikutana kwenye ate kuamua mpaka wa shamba, yupo. Wakija kuposa, yupo. Siku moja katekista alituambia tufumbe macho tuombe. Tulipofumbua tukamkuta Mjumbe amelalia miguu yake, anakoroma, na katekista wa watu anaogopa kusogea.

Hiyo ate ndiyo banda letu la duara katikati ya boma. Paa la nyasi, nguzo za mti, kuta hakuna, upepo unapita utakavyo. Baba anakula humo, anapokea wageni humo, na mchana anasinzia humo kwenye kiti chake cha kuegemea. Huku kwetu kwa Wativ mtu anaweza kukosa nyumba ya bati na asisemwe, lakini akikosa ate watu wanajiuliza huyu anaishi na nani.

Basi mimi nilirudi kutoka chuo cha afya mwanzoni mwa Desemba, lile vumbi la kaskazini limeshaanza kushuka, midomo inapasuka, begi limejaa nguo chafu, na kichwani sina kingine ila harusi. Dada yangu Nguper alikuwa anaolewa baada ya mwaka mpya. Anaolewa na Terkula, mwalimu wa hesabu, mtu mwenye aibu ambaye ukimsalimia anatazama viatu vyake kama vile ndivyo vilivyosalimiwa. Njia nzima nilikuwa naiona harusi hiyo, na zaidi ya yote nilikuwa namwona Mama anacheza.

Maana kwetu mama wa bibi harusi ndiye anayemtoa mwanawe. Anatoka naye mlangoni, pekupeku, ngoma zinalia, anacheza mbele yake mpaka ndani ya ate ambako wakwe wamekaa wanamsubiri, na pale kwenye sakafu ndipo anapomkabidhi. Mama asipocheza, mama mwingine wa boma hucheza, na siku hiyo huyo ndiye anayeitwa mama. Na Mama yangu, Mwuese, si mchezaji wa kubahatisha. Watu walikuwa wanavuka mto kuja kumwangalia mabega.

Nikashuka kwenye pikipiki. Kawaida Mama hunikuta nusu ya njia, kitenge kinaburuzika nyuma. Safari hii alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameifunika.

"Mama, huji kunipokea?"

"Nije wapi na wewe umeshafika."

Nikamkumbatia, nikaenda kuweka begi. Nilipogeuka alikuwa anainuka kufuata maji, na hapo ndipo nilipomwona anavyotembea. Alikuwa anatembea kwa visigino, vidole vimetazama juu, kama bata aliyekanyaga makaa.

"Mama, hebu kaa."

"Naleta maji."

"Kaa kwanza. Nionyeshe mguu."

Alinizungusha sana. Akauliza habari za chuo, akauliza kama bado nakula chumvi nyingi, akaniuliza habari za mwenzangu wa chumba ambaye hajawahi kumwona. Mwishowe akafunua. Vidole vilikuwa vimevimba, kucha zimenyanyuka, na kila mahali viduara vyeupe vyenye nukta nyeusi katikati, vimesongamana kama mbegu kwenye tikiti. Funza. Visiginoni walikuwepo pia, lakini wachache, ndiyo maana visigino ndivyo vilivyokuwa vinafanya kazi.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipochimba viazi."

"Na kwenye simu hukusema."

"Ningesemaje? Iyuana mwanangu, umekula, masomo yanaendaje, mimi nina funza?"

Akacheka, nami nikacheka, halafu akaacha kucheka kabla yangu. Kumbe kanisani alikuwa ameacha kwenda. Sokoni alikuwa anamtuma Nguper. Mwanamke anayefagia mpaka kivuli chake, anaona watu watamtazama miguu na kusema Mwuese amekuwa mchafu. Jioni zote alikuwa anakaa na mwiba wa mchungwa, anachokonoa. Mwiba wenyewe ulikuwa umechomekwa kwenye nyasi za paa, juu ya mlango, na ulikuwa wa boma zima. Akimaliza Mama, anachukua Mama Mdogo. Akimaliza Mama Mdogo, anachukua mwenye kuhitaji.

"Nimeshamwambia Torkwase acheze yeye," Mama akasema, kwa sauti ile ya mtu anayekwambia chumvi imekwisha.

Torkwase ndiye Mama Mdogo, mke wa pili wa Baba. Alikuwa uani kwake anapepeta ufuta na masikio yote yako kwetu.

"Mimi nitacheza, dada," akapaza sauti. "Lakini wakwe wakiuliza mabega yako wapi, nitawaambia yamelala nyumbani na mwenyewe."

"Waambie yanakuja baadaye kwa pikipiki."

"Hayo yangu yakichoka je?"

"Yatachokaje na hayajawahi kufanya kazi."

Hao ndio mama zangu. Ukiwasikia utadhani wanapigana, kumbe wanasalimiana. Lakini usiku huo kabla ya kulala Nguper aliniambia Mama alikuwa amekwishaifungua sandukuni ile nguo yake ya mistari myeusi na myeupe, akaipima kwenye mwili wa Torkwase, akasema inamkaa vizuri, akaingia ndani akafunga mlango. Nguper alisema, "Iyuana, mimi simtaki Torkwase anitoe. Nampenda, lakini simtaki. Wewe si unasomea haya mambo?"

Kulipokucha nikaenda kwenye kituo cha afya. Nesi mkuu pale ananifahamu, nilifanya mazoezi kwake likizo iliyopita. Akanipa chupa ya mafuta mepesi kama maji, hayana harufu, na akaniambia nimlete Mama achomwe sindano ya pepopunda, nikampeleka, amekaa nyuma ya pikipiki na kitenge kimefunika miguu kama mzigo wa magendo.

Ule mwiba nikautia motoni. Mama aliutazama unavyoungua.

"Nimekaa nao miaka."

"Umekaa nao na damu za watu wangapi?"

"Ulikuwa mzuri lakini. Haukuvunjika hata mara moja."

Halafu nikamwosha miguu kwa sabuni, nikakausha, nikaanza kupaka. Ujue watu wanadhani funza lazima achomolewe. Hachomolewi. Ile nukta nyeusi unayoiona ni makalio yake. Kichwa kiko ndani anakunywa damu, makalio yako nje, ndiyo anayopumulia, na ndiyo yanayotoa mayai. Ukidondosha yale mafuta juu ya nukta, yanaingia kwenye tundu, yanamziba, anakufa humo humo, na ngozi yenyewe inamtema baada ya siku kadhaa. Hakuna mwiba, hakuna damu, hakuna mguu kuoza. Nilimweleza Mama hivyo hivyo.

"Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa natazamana na makalio," akasema.

Mama Mdogo alicheka mpaka ungo ukamtoka mkononi, halafu akaja kimya kimya na yeye akatoa mguu. Alikuwa nao wachache, chini ya kucha.

Lakini kupaka peke yake hakutoshi, hilo nililijua. Funza hazaliwi mguuni, anazaliwa kwenye vumbi. Mayai yanaanguka chini, yanaanguliwa kwenye mchanga mkavu wa ndani, penye kivuli, na watoto wao wanasubiri mguu mwingine, wa mtu au wa mnyama, kwao yote ni sawa. Kwa hiyo sakafu zote za udongo zilizopasuka zilitakiwa zisiribwe upya. Na kusiriba kwetu kuna mwenyewe. Kila mwanamke ana sakafu yake. Hugusi ya mwenzio hata akiwa mgonjwa, maana ni kama kuingia kitandani kwake. Basi wakaingia kazini, Mama kwa magoti juu ya gunia, Mama Mdogo kwake, Nguper jikoni. Udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, wakatwanga, wakasawazisha, wakasugua kwa jiwe, wakamalizia na yale maji mekundu ya maganda ya miti yaliyochemshwa mpaka sakafu ikawa ngumu inang'aa. Wakawa wanatembeleana kukagua.

"Yako ina mawimbi, dada. Nikimwaga maharage yataelea."

"Yako ina mavi kuliko udongo. Ukilala utaota ng'ombe."

Mjumbe akawekewa ubao wa kumzuia kwenye kila mlango. Baba hakusema kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale kwenye ate, na soksi nyekundu za kuchezea mpira miguuni, anasikiliza redio. Nilimuuliza soksi za nini kwenye jua hili, akasema vumbi la kaskazini linampa baridi. Nikaliacha.

Baada ya wiki hivi, asubuhi, nilimwona Mama amesimama mlangoni. Akautua mguu wa kulia chini, wote, polepole, kama mtu anayetua mtungi. Akasubiri. Akautua wa kushoto. Halafu, hakujua kama namwona, mabega yakatikisika kidogo, la kushoto, la kulia, basi. Nilirudi ndani nikamrukia Nguper kitandani nikamuumiza mbavu.

Raha hiyo haikufika Krismasi. Mama alinijia siku moja nafua, akakaa juu ya ndoo, akanyoosha mguu bila kuniambia kitu. Vile vya zamani vilikuwa vimekauka, ngozi imebanduka, lakini pembeni ya kidole gumba kulikuwa na vipya. Vitatu. Mguu wa pili vinne.

"Wamerudi," akasema. "Mwambie Torkwase aanze kujizoeza."

Sasa ikawa vita. Mama akasema wanatoka kwa Torkwase, kwa sababu sakafu yake imepasuka kwenye kona. Torkwase akasema sakafu yake ingekuwa na funza wangemla yeye kwanza, na yeye naye wamemrudia, kwa hiyo wanatoka kwa Mama. Nikaingia nyumba zote mbili na tochi ya simu, nimepiga magoti, natafuta nyufa kama polisi anayetafuta risasi. Sakafu zilikuwa safi. Hata ufa wa kona ya Torkwase ulikuwa unywele tu. Nikatoka hapo nimeishiwa. Nesi niliyempigia simu akaniambia, "Iyuana, hao wanatoka mahali. Tafuta mguu unakokwenda." Nikasema mguu wa Mama hauendi popote, ndio ugonjwa wenyewe.

Jibu likaja kwenye mguu wangu mimi.

Ujue tangu nifike nilikuwa sivui viatu. Raba na soksi, asubuhi mpaka jioni, mpaka chooni. Nguper alikuwa ananiuliza kitandani navilaza upande gani. Kuoga naoga juu ya mawe. Basi mchana huo, mwezi wenyewe unakaribia kwisha, nikasikia mwasho chini ya ukucha wa kidole cha mwisho, mwasho mtamu ule, unaokufanya ujikune mpaka ufumbe macho. Nikavua soksi. Doa jekundu, nukta nyeusi.

Nikakaa pale nikiutazama mguu wangu kama wa mtu mwingine. Umekanyaga wapi, wewe? Kabla sijajibu, Mama Mdogo akaniita nipeleke chakula cha Baba.

Nikachukua bakuli la viazi vikuu vilivyotwangwa, na bakuli la bamia juu ya sinia, na maji ya kunawa. Nikafika ukingoni mwa ate, na miguu yenyewe, bila mimi kuiambia, ikasukumana visigino, raba zikabaki nje. Kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Humpelekei Baba chakula na viatu miguuni. Tangu nina akili ya kutembea, unavua, unaingia, unapiga goti, unaweka. Vumbi la ate likapanda katikati ya vidole vyangu, laini, la uvuguvugu, kama unga. Nyuma ya kiti Mjumbe amelala ubavu. Na upande wa pili, kwa sababu pana upepo, Mama na Mama Mdogo wamekaa chini wanamenya mbegu za tikiti, miguu wameinyoosha kwenye vumbi hilo hilo, kama kila mchana wa maisha yao.

Nilibaki na birika mkononi. Kicheko kikanitoka.

"Umepata mchumba?" Baba akauliza.

"Hapana, Baba. Nimepata funza." Nikamwonyesha. "Na wanatoka hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwenye ate."

Mbegu zikaacha kuanguka kwenye sufuria. Baba akaweka tonge chini.

"Ate hii aliijenga baba yangu," akasema. "Machifu wamekaa hapa. Watu wamepatanishwa hapa. Wewe mwenyewe ulipewa jina hapa."

"Najua, Baba."

"Na sasa umekwenda chuo ukarudi kuniambia nawapokea wageni kwenye tundu la wadudu."

"Sisemi tundu, Baba. Nasema vumbi lake halijawahi kusiribwa. Nani alisiriba ate mara ya mwisho?"

Mama akamtazama Mama Mdogo. Mama Mdogo akamtazama Mama.

"Mimi sina nyumba huku," Mama Mdogo akasema. "Yangu ni ile pale."

"Na yangu ni ile," Mama akasema.

Ndipo nikaelewa. Kila sakafu ya boma ina mwanamke wake, na ate si ya mwanamke. Ni ya Baba. Na Baba ni mwanamume, hasiribi. Wageni wakija inanyunyiziwa maji, inafagiwa, basi, vumbi linatulia kidogo halafu linaamka. Miaka nenda miaka rudi, mahali tunapokaa wote ndipo pasipokuwa na mwenyewe.

"Isiribwe basi," nikasema. "Siku mbili tatu ikauke, na Mjumbe ajengewe banda lake."

"Ate ifungwe?" Baba akasema. "Mgeni akija akae wapi, kichwani mwangu?"

"Na asiribe nani?" Mama Mdogo akauliza. "Nikisiriba mimi, kesho kijiji kizima kitasema Torkwase amechukua boma."

"Nikisiriba mimi," Mama akasema, "watasema Mwuese amenyang'anywa ngoma akapewa udongo."

"Hakuna anayesiriba," Baba akasema. "Kikao kimefungwa."

"Baba Nguper," Mama Mdogo akamwita, taratibu, kama anayemwita kuku. "Hebu vua soksi."

"Nina baridi."

"Jasho linakutiririka shingoni."

Baba akainuka, akachukua redio yake, akaondoka kwenda nyumbani kwake kwa heshima zote. Tukamtazama sote anavyokwenda. Kwa visigino. Vidole vimetazama juu.

"Bata wa pili huyo," Mama akasema polepole.

Siku iliyofuata Baba hakutokea kwenye ate. Kiti kikabaki kitupu na Mjumbe amelala chini yake kama mlinzi aliyeachwa. Alasiri Mama akajaza maji ya moto kwenye beseni, akachukua chupa ya mafuta dirishani kwangu bila kuniomba, akaenda nyumbani kwa Baba, anajikokota, maji yanamwagika. Mimi na Nguper tukaona tuna kazi ya haraka sana ya kuchambua mboga nyuma ya ukuta huo huo.

"Toa mguu," tukamsikia.

"Mwuese, watoto wako nje."

"Watoto wameshakuona unavyotembea."

Maji yakasikika. Baba akavuta pumzi kwa meno.

"Hawa wamezeeka humu," Mama akasema. "Hawa wana wajukuu. Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Maji tena.

"Siku ya harusi," Baba akasema, "ni kweli atacheza Torkwase?"

"Ndiye mwenye miguu."

"Torkwase anacheza kama mtu anayefukuza nyuki."

Mama akacheka, kile kicheko chake cha puani, Baba naye akacheka, na mimi na Nguper tukawa tunabanana midomo. Halafu Baba akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, "Siku ile tulipokuja kwenu, nilikuwa nimekuja kumtazama dada yako. Ukaingia na yale mabega."

"Na miguu hukuiona?"

"Miguu sikuitazama."

"Sasa itazame," Mama akasema.

Nguper akadondosha bakuli la mboga. Tukakimbia.

Asubuhi tukaamshwa na kishindo. Du, du, du. Tukatoka, kila mtu mlangoni kwake. Kiti cha Baba kilikuwa nje chini ya mchungwa. Ndani ya ate alikuwepo Baba mwenyewe, suruali imekunjwa, mabuti ya mpira mpaka magotini, na rafiki yake Orduen ambaye alikuwa ametolewa kitandani na bado haelewi. Vumbi lote la zamani walikuwa wamelikwangua kwa jembe, limelundikwa nje linachomwa na mabua. Wamemwagia chini maji ya moto. Sasa walikuwa wanakoroga udongo.

Mjumbe amefungiwa kwenye uzio wa fito, analia kama aliyenyimwa urithi.

Mama zangu wakasimama, mikono kiunoni, wanatazama.

"Anasiriba au anapika?" Mama Mdogo akauliza.

"Amesahau mavi," Mama akasema.

"Orduen naye anapiga kama anaua nyoka."

"Udongo huo ni wa mtoni. Jua likitoka tu utapasuka."

Baba alikuwa anasikia. Shingo ilikuwa imekuwa nyekundu kwa vumbi na kwa mengine, lakini hakugeuka. Akaongeza maji kwenye udongo. Akaongeza tena.

"Jamani, anaumwagia maji mengi," Mama Mdogo akasema, anakunja kitenge. "Mimi siwezi. Siwezi kuangalia." Akaenda.

Mama akabaki kidogo. Halafu akaniambia, "Lete viatu vyako." Akavaa soksi zangu, akavaa raba zangu, zilimbana, akazifunga kamba kwa hasira, akaenda.

"Sogea," akamwambia Baba.

Baba akasogea upesi sana. Na hapo kazi ikaanza kweli. Udongo wa kichuguu ukaja, mavi yakaja, Nguper akaleta maji ya maganda, mimi nikasugua kwa jiwe. Mama akaanzia mashariki, Mama Mdogo magharibi, wakawa wanasogea kinyumenyume mpaka makalio yakagongana katikati, na ilipokauka hakuna aliyeweza kusema nani alisiriba wapi. Baba akapewa kazi ya kuchota maji. Orduen alikwenda nyumbani kwake, na baadaye nikasikia mke wake anatafuta udongo wa kichuguu.

Mjumbe naye bwana mifugo alikuja akamwogesha dawa. Nilimwinua kwato nikachungulia. Nikashusha. Mama alikuwa na wachache ukilinganisha.

Tukapaka mafuta upya, wote, na Baba wa kwanza. Na siku ate ilipofunguliwa, nilimpelekea chakula, nikafika ukingoni, miguu ikaanza kusukumana visigino kama kawaida yake.

"Unavua nini?" Baba akauliza.

"Viatu, Baba."

"Nani kakwambia uvue?" Akachukua tonge. "Anayevua viatu kwenye ate yangu bila ngoma, aje anieleze."

Sasa harusi. Ilikuwa Jumamosi, na bado sijapoa. Wakwe walikaa ndani ya ate duara zima, mama mzazi wa Terkula katikati, mwanamke mkubwa mwenye miwani, na Terkula anatazama viatu vyake. Ngoma zikaanza. Mlango wa Mama ukafunguka. Akatoka na ile nguo ya mistari, Nguper nyuma yake ameinama, na mimi macho yangu hayakwenda kwa bibi harusi, yalikwenda chini. Pekupeku. Nyayo zote mbili zimetua nzima nzima.

Akaja. Hakuharakisha hata kidogo. Mabega yalikuwa yanajibu ngoma kabla haijauliza. Mama Mdogo pembeni alikuwa anapiga vigelegele mpaka sauti inakatika, anapiga kelele, "Hayo ndiyo mabega, hayo hayakuja kwa pikipiki." Mama alipofika ukingoni mwa ate akasita. Nilimwona. Mguu ukabaki hewani, kidole gumba kimekunjwa. Baba aliyekuwa kwenye kiti chake, miguu haina soksi, ndala tu, akamwitikia kwa kichwa tu. Mama akautua.

Sakafu ikalia chini ya nyayo zake, pa, pa, pa, kama ngoma nyingine. Vumbi halikuamka hata chembe. Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamuuliza jirani yake kwa sauti, "Huyu ndiye mama mwenyewe?" Na Terkula, kwa mara ya kwanza, akainua macho.

Mama akamkabidhi Nguper, akatoka nje, akaja kuketi kizingitini kwake anahema, mimi nyuma yake. Akanipa mguu mapajani.

"Tazama."

Nikawasha tochi ya simu, nikatazama kidole kimoja kimoja, chini ya kucha, katikati, kisiginoni. Ngozi mpya, laini, kama ya mtoto aliyezaliwa juzi.

"Hakuna kitu, Mama."

"Una hakika?"

"Hakuna."

Akaurudisha mguu chini. Kule kwenye ate Mama Mdogo alikuwa ameingia kati, anacheza, na watu wanapisha kwa sababu kweli anafanana na mtu mwenye nyuki.

"Nipe maji," Mama akasema, "nikamsaidie."